Mjusi Aliyefugwa Kama Ndama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Milembe alikuwa na ndama tisa wa kuwahudumia. Aliwafungulia mmoja mmoja wanyonye kidogo wakati mama yake akikamua, kisha akawarudisha kwenye kibanda chao cha udongo kabla jua halijakolea, maana nyumbani kwao ndama mchanga hakuachwa juani. Akimaliza hapo alizoa kinyesi, akafagia, akanawa miguu kwa maji ya baridi, akavaa sare na kukimbia. Shule ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwao Kakese, na mwalimu wa zamu hakuwa mtu wa kusikiliza habari za ndama.

Kazi hiyo aliiweza. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano, na tayari alijua kupe hujificha wapi kwenye mwili wa ndama, na alijua kutofautisha kikohozi cha vumbi na kikohozi cha ugonjwa. Wageni waliopita kwa baba yake, Mzee Manyanda, walimsifu. Lakini kati ya ndama wote wale hakuna hata mmoja aliyekuwa wake. Kaka zake wawili kila mmoja alikuwa na mtamba wake. Milembe alipouliza wa kwake yuko wapi, aliambiwa atapewa akikua, na kila mwaka alikua na kila mwaka aliambiwa hivyo hivyo. Jambo hilo lilimuuma, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Jumamosi moja ya Juni 1996, alikwenda nyuma ya nyumba kuchukua debe lililosahauliwa huko, akakuta mjusi ndani yake. Alikuwa yule mjusi mkubwa wa mawe, mwenye kichwa cha rangi ya chungwa na mwili wa buluu, ambaye hushinda juu ya majabali akipandisha na kushusha kichwa. Alikuwa ameteleza akatumbukia, na bati halikumpa mahali pa kushika kucha. Milembe alimtazama, mjusi naye akamtazama, na hapo hapo msichana akaamua kwamba huyu ni wake.

Alimpa jina la Mwenyekiti, kwa sababu aliitikia kila kitu kwa kichwa kama mwenyekiti wa kijiji kwenye mkutano.

"Mtu anafuga mjusi?" mama yake aliuliza. "Watu watasema tumeishiwa ng'ombe."

"Mwache," alisema Mzee Manyanda. "Akimchoka atamwachia."

Milembe aliapa moyoni kwamba hatamchoka. Mwenyekiti angekuwa mjusi anayetunzwa vizuri kuliko wote Kakese. Hilo halikuwa gumu sana, kwa kuwa hapakuwa na mwingine anayetunzwa.

Sasa, msichana huyu alikuwa amefundishwa kutunza mnyama wa aina moja tu, basi akamtunza mjusi kwa elimu hiyo hiyo. Alichukua kasha la mbao la chupa za soda, akalifunika kwa kipande cha wavu, akaliweka kwenye kibanda cha ndama, mle ndani kabisa kwenye kivuli na ubaridi. Akamtandikia nyasi laini. Asubuhi alimpa maziwa kwenye kifuniko cha chupa, mchana pumba, jioni tonge la ugali. Usiku alimfunika kwa gunia, kwa kuwa Juni ina baridi. Mama yeyote wa ndama angeridhika kabisa na huduma ile.

Jumatatu alimleta rafiki yake Emelyne kumwona. Emelyne alikaa naye dawati moja. Wazazi wake walitoka Burundi kabla yeye hajazaliwa, na walilima mahindi na maharage upande wa pili wa kijiji. Alichuchumaa mbele ya kasha, akatazama kwa muda mrefu.

"Mbona umemweka gizani?" aliuliza. "Hawa kule shambani kwetu wanakaa kwenye mawe juani kutwa nzima. Tena hawali ugali. Wanakula panzi na mchwa, nimewaona."

"Mnyama anawekwa kivulini," alijibu Milembe. "Nyie ni wakulima, mtajua nini mambo ya mifugo?"

Emelyne alirudishia wavu juu ya kasha. Alisimama, akakung'uta sketi, akasema anaenda kuchota maji. Milembe alijua kwamba amemuudhi, lakini alijua pia kwamba kwenye habari za kutunza wanyama hakuna mtoto Kakese wa kumfundisha yeye, na ujuzi huo ndio uliomponza.

Kufikia Jumatano Mwenyekiti hakuwa akiitikia tena. Buluu ya mwili wake ilikuwa imegeuka kijivu, na kichwa kile cha rangi ya chungwa kimekuwa kama udongo. Maziwa yaliganda kwenye kifuniko, ugali ukakauka. Milembe alimshika akahisi ubaridi kwenye tumbo, akaogopa. Ndama akiwa hivi unamzidishia kivuli na kumfunika, basi akasogeza kasha ndani zaidi na kuongeza gunia la pili. Alhamisi mjusi alikuwa hafungui macho ila nusu. Darasani siku hiyo Milembe aliulizwa swali la hesabu akasimama bila kusikia hata limeulizwa nini. Alikuwa amefanya kila alichokijua, na kila alichokifanya kilikuwa kinaongeza ugonjwa.

Jumamosi asubuhi, alipokuwa akimgeuza mkononi, aliona nukta nyekundu kwenye mikunjo ya miguu na shingo. Zilikuwa ndogo kama chembe za pilipili, na zilitembea.

"Kupe," alinong'ona.

Karibu afurahi. Mtoto wa mfugaji akishaona kupe ameona adui anayemfahamu. Familia ya Mzee Manyanda ilipohamia huku Mpanda kutoka Usukumani, kitu cha kwanza baba yake alichonunua mjini kilikuwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Aliiweka juu ya dari ya ghala, na amri ilikuwa moja: mtoto haigusi. Siku ya kuogesha aliipima mwenyewe kwenye ndoo ya maji, akaimimina kwenye bomba la mkono, akawanyunyizia ng'ombe huku watoto wakisimama mbali, upande ambao upepo haupelekei dawa.

Milembe alifikiria kumwomba. Kisha akafikiria baba atakavyosema: dawa ya ng'ombe impake mjusi? Angecheka, au angekataa, na Mwenyekiti angekufa leo. Baba alikuwa zizini, mama alikuwa kisimani. Alipanda juu ya kinu, akashusha kopo, akamimina kifuniko kimoja kwenye kikombe cha maji. Hakujua kwamba baba yake hutia kiasi kile kile kwenye ndoo nzima. Alichukua unyoya wa kuku, akauchovya, akampaka mjusi kwenye kila mkunjo, polepole na kwa upendo wote aliokuwa nao.

Kabla hajamaliza kuosha kikombe, Mwenyekiti alianza kutetemeka. Alifungua kinywa na hakukifunga. Miguu ya nyuma ilijinyoosha ikakakamaa, ikalegea, ikajinyoosha tena. Milembe alimwita jina lake, akampuliza, akampepea kwa daftari. Mwili wote wa yule mjusi ulienea kwenye viganja vyake viwili, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachotokea ambacho yeye hangeweza kukizuia. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vinamwasha, akavifuta kwenye sketi.

Muda huo huo baiskeli iliingia uani. Alikuwa Bwana Gelasius, mtaalamu wa mifugo wa kata, Mfipa mrefu mwenye mkoba wa ngozi, aliyeitwa kuja kuangalia fahali aliyekuwa akichechemea. Alipomaliza na fahali alimwona Milembe amechuchumaa mlangoni mwa kibanda, kasha miguuni.

"Shikamoo," alisema Milembe.

"Marahaba. Una mgonjwa na wewe?" Bwana Gelasius aliinama. "Kafanyaje huyu?"

Mzee Manyanda alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni. Milembe alimwangalia baba yake, akaangalia dari ya ghala, akaangalia chini.

"Ameanguka," alisema. "Kwenye jiwe."

"Kaanguka. Basi huenda kaumia ndani. Mwache atulie, usimshikeshike, wala usimmwagie maji. Hapo hakuna zaidi."

Wanaume wale wawili wakaenda kukaa kwenye viti mbele ya nyumba, na mama akawapelekea maziwa ya mgando.

Milembe alibaki na shauri alilopewa. Lilikuwa shauri zuri kwa mjusi aliyeanguka. Yeye alijua dawa bado ipo kwenye ngozi, inang'aa kwenye mikunjo, na alijua dawa ikimmwagikia mtu huoshwa, hata baba alikuwa akisema hivyo kila siku ya kuogesha. Lakini sasa hakuruhusiwa kummwagia maji. Angemwosha wangemuuliza kwa nini. Asipomwosha, angekufa. Alikaa pale akajiona mjinga na mwovu, na machozi yakamtoka bila sauti. Saa nzima ilipita. Mjusi alikuwa hatetemeki tena sana, na hilo lilimtisha zaidi kuliko kutetemeka.

Emelyne alimkuta hivyo. Alikuja na jani la mgomba lililokunjwa, na ndani ya jani kulikuwa na panzi watatu.

"Nimemletea chakula," alisema, kana kwamba hawakuwahi kukosana. Kisha akaona. Akapiga magoti, akavuta pumzi puani. "Mbona ananukia dawa ya ng'ombe?"

Milembe alificha vidole kwenye mikunjo ya sketi.

"Umempaka?"

"Alikuwa na kupe."

"Na umemwambia yule bwana?"

"Nimemwambia ameanguka. Emelyne, baba akijua atanichapa. Nifanyeje?"

Emelyne alitazama upande wa viti, ambako Bwana Gelasius alikuwa akimalizia maziwa yake na kutafuta mkoba kwa macho.

"Mimi sitamwambia," alisema. "Mjusi si wangu. Ni wako."

Neno hilo Milembe alikuwa amelitamani miaka mingi, na sasa lilimwelemea. Aliinua kasha, akatembea nalo mpaka mbele ya viti. Alisema yote kwa mkupuo mmoja, bila kumwangalia mtu, kinu, kopo, kifuniko, kikombe, unyoya, na kwamba hakuanguka kwenye jiwe lolote.

Mzee Manyanda alisimama. Kabla hajasema, Bwana Gelasius alikuwa ameshamshika Milembe vifundo vya mikono.

"Maji na sabuni," alimwambia mama wa Milembe. "Haraka."

"Muoshe yeye kwanza," Milembe alilia. "Mimi sina kitu."

"Wewe kwanza. Umeshika uso? Umekula chochote?"

"Sijala."

Bwana Gelasius alimwosha mikono hadi kwenye viwiko, mara mbili, kwa sabuni ya mche, akamwagiza akabadili nguo, na zile alizovaa ziwekwe peke yake. Milembe alitii huku akitazama kasha, akihesabu pumzi za mjusi ambazo alishindwa kuziona vizuri. Ndipo Bwana Gelasius alipovaa mifuko ya nailoni mikononi, akamchukua Mwenyekiti na kumsuuza kwa maji ya vuguvugu na povu, mkunjo hadi mkunjo. Mjusi alining'inia tu kama kamba.

"Atapona?" aliuliza Milembe.

"Sijui, binti. Nimesomea ng'ombe, mbuzi na kuku. Mijusi hatukufundishwa." Alimgeuza kuangalia shingo. "Hivi vyekundu si kupe unaowajua wewe. Ni vidudu vidogo tu, mijusi wengi wa mawe nawaona navyo na wako wazima. Havikuwa vinamuua."

"Sasa alikuwa anaumwa nini?"

Bwana Gelasius alimwangalia Mzee Manyanda, naye Mzee Manyanda akaangalia kibanda cha ndama. Wote wawili walikuwa watu wazima wanaoheshimika kwa ujuzi wao. Aliyejibu alikuwa Emelyne, kwa sauti ndogo, akiwa amesimama pembeni na jani lake.

"Baridi," alisema. "Na njaa."

Walimpeleka kwenye majabali nyuma ya nyumba. Mawe yalikuwa yameshapata moto wa jua. Bwana Gelasius alimlaza hapo, akanawa, akafunga mkoba, akasema hana kingine cha kufanya. Milembe alikaa karibu mpaka jua likashuka. Hakuruhusiwa kumshika, kumnywesha, wala kumfunika. Kazi zote alizozijua zilikuwa za mikono, na sasa mikono yake haikuwa na kazi. Mjusi hakusogea. Jioni baba alimrudisha kwenye kasha na kuliweka jikoni karibu na mafiga, na fimbo ambayo Milembe alikuwa akiingoja haikuja.

Jumapili asubuhi Emelyne alirudi, wakamtoa tena mara tu jua lilipogusa mawe. Ilipofika saa tatu hakuwa amebadilika. Saa nne Milembe alidhani ameona ubavu ukipanda, akaogopa kusema. Karibu na saa tano kwenye shingo palianza kuonekana rangi, hafifu, halafu ikazidi. Mjusi akavuta mguu mmoja chini ya tumbo. Akavuta wa pili. Alijiinua kwa taabu, akaanguka, akajiinua tena. Milembe alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Emelyne alimfungulia panzi mmoja aliyevunjwa miguu, akamweka mbele. Walisubiri sana. Kisha ulimi ukatoka, na panzi hakuwepo.

Milembe alicheka na kulia kwa pamoja. Akanyoosha mkono kumchukua. Mjusi akageuka, akaburuta tumbo kwa haraka ambayo hakuna aliyeitegemea, akaingia kwenye ufa kati ya majabali mawili. Walichungulia. Ndani kulikuwa giza, na hakutoka.

"Nimtoe kwa kijiti?" aliuliza Milembe, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Hapana," alisema baba yake, ambaye alikuwa amesimama nyuma yao muda mrefu. Alimwambia Emelyne aende jikoni akamsalimie mama, kisha akakaa juu ya jiwe, jambo ambalo Mzee Manyanda hakuwa akilifanya mbele ya watoto.

"Ng'wanone," alianza. Alimwita hivyo, mwanangu kwa Kisukuma, mara chache sana. "Unajua tulipofika hapa tulipoteza ndama wanne mwezi wa kwanza?"

"Ndiyo, Baba. Mama alisema ni ndigana, ule ugonjwa wa kupe."

"Mama yako alisema nilichomwambia. Dawa ilikuwa mpya kwangu. Niliona aibu kuuliza jirani namna ya kuipima, mtu mzima mwenye ng'ombe mia. Nikakisia. Asubuhi walikuwa wamelala wanne. Nikasema ndigana, na miaka yote hii nimeiacha iitwe ndigana."

Milembe aliacha kuutazama ufa, akamgeukia. Hakuwahi kufikiri kwamba baba yake anaweza kukosea kupima.

"Ungenieleza unataka dawa, pengine ningekucheka," Mzee Manyanda aliendelea. "Hilo ni kosa langu, na kuanzia leo uliza tu. Lakini la kwako nalo lisikie. Ulimtunza kwa unayoyajua wewe, hukutaka kujua anahitaji nini yeye. Mwenzako alikwambia tangu Jumatatu, mama yako kanisimulia, ukamdharau kwa sababu baba yake hana ng'ombe. Dawa usiyoijua usiiguse, maana inayomponya mmoja humuua mwingine, na ingeweza kukuua wewe. Na ukishakosea, sema hapo hapo. Jana uliogopa saa moja. Mimi nimeogopa miaka sita."

"Utamwambia mama?"

Mzee Manyanda alipangusa vumbi kwenye goti.

"Twende wote," alisema. "Wewe una la kumwambia Emelyne, mimi nina la kumwambia mama yako, na wote wawili wako jikoni."

Akasimama, akamtangulia. Milembe aliona baba yake anatembea polepole kuliko kawaida, akajua kwamba anaogopa, basi akaharakisha akamfikia, na wakaingia jikoni pamoja.